Muhuri wa Kiganja

Kishada kilipaa kutoka kwenye ua wa kiwanda cha zamani cha alizeti, kikakunjua mbawa zake za kitambaa cheusi, na kabla hujamaliza kupiga chafya kilikuwa kimebaki doa angani. Kilikuwa kipana kama uwanja wa mpira. Huko juu, ambako upepo wa Singida haulali, kilianza kuchora nane, kinakwenda na kurudi, kikiivuta kamba iliyofungwa ardhini. Kamba ikazungusha pipa la chuma, pipa likazungusha jenereta, na mtaa mzima wa Mandewa ukapata umeme bila moshi wala tone la mafuta. Kamba ilipoisha, kishada kilijikunja, pipa likairudisha kamba, kisha mchezo ukaanza upya. Hapakuwa na binadamu aliyekiongoza. Kiliongozwa na akili mnemba ambayo wafanyakazi waliipa jina la Mjomba.

Siwema Ntandu aliupenda mtambo ule mpaka akawa anauota. Alikuwa ametoka chuo juzi tu, leseni yake ya uhandisi bado inanukia wino, na Upepo Mpya ndiyo kazi yake ya kwanza. Ilikuwa kampuni changa ya watu saba, imejibana katika stoo iliyokuwa ya mashudu. Wenzake walikuwa watu wa programu, wa biashara na wa matangazo. Mhandisi mwenye leseni alikuwa yeye peke yake. Badala ya kujiuliza kulikoni, binti wa watu akaona ni heshima. Ujana nao!

Sheria ya miaka ile ilikuwa wazi. Mashine yoyote yenye akili mnemba inayofanya kazi juu ya vichwa vya watu lazima iwe na mhandisi binadamu, mwenye nyama na damu, aliyeweka kiganja chake kwenye bamba la muhuri kukubali kuidhamini. Kampuni nyingine zililimaliza jambo hilo ofisini, kimyakimya. Upepo Mpya waliligeuza sherehe. Waliiita Siku ya Muhuri. Pilau hupikwa, muziki hufunguliwa, na mama mzazi wa mhandisi huletwa kwa gari la kampuni ili amfunge mwanawe khanga mabegani mbele ya wageni. Sasa wewe niambie, nani atakataa kuweka kiganja mama yake akiwa amesimama pale na vigelegele mdomoni?

Sherehe ya Siwema ilipangwa Jumamosi. Kishada kilikuwa kikiruka kwa kibali cha majaribio, na kibali kilikuwa kinaisha.

Jumatano kabla ya hapo, Siwema alipanda kwenye pipa kukagua kamba. Aliipitishia mkono, nyuzi zikabaki kiganjani. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeingia ndani ya msuko, na kila kamba ilipokunjwa, lile vumbi liliisaga kama msasa. Akaenda moja kwa moja kwa Heriel, mwenye kampuni.

"Kaka Heriel, kamba imelika. Tukishushe kishada mpaka ije nyingine."

"Mdogo wangu, Mjomba amekwishapima," alisema Heriel, macho hayatoki kwenye kioo cha simu yake. "Anasema imo ndani ya kiwango kinachokubalika."

"Kinakubalika na nani?"

Heriel akacheka, akamshika bega. "Hayo maswali ya chuo. Wawekezaji wanakuja Jumamosi, niwaambie umeme safi umepumzika? Halafu mama yako nimeshampangia gari. Mama wa watu kashasuka nywele."

Siwema akarudi kazini. Alikuwa na desturi hiyo, ya kukubali yaishe.

Jumamosi asubuhi, wenzake wakiwa uani wanapanga viti, alijifungia kwenye chumba cha mitambo. Upepo Mpya walikuwa na majivuno mamoja makubwa: Mjomba hasemi uongo. Waliliandika mpaka kwenye fulana. Walimtengeneza hivyo ili wateja wamwamini, na hawakuwahi kufikiri kwamba mfanyakazi naye ana mdomo wa kuuliza.

"Mjomba, kamba ikikatika itaangukia wapi?"

"Kwa upepo wa leo, sokoni Mandewa," alijibu Mjomba kwa ile sauti yake ya upole. "Uwezekano ni mdogo."

"Imewahi kukatika?"

"Ndiyo, mwaka jana. Ilimpiga mama aliyekuwa anakaanga mihogo. Alifariki palepale."

Hakuna aliyewahi kumtajia Siwema habari za mama huyo. "Nani aliwajibika?"

"Mhandisi Abeid Kijuu, aliyekuwa na muhuri. Yuko gerezani."

"Abeid? Si waliniambia yuko Uturuki anasoma!"

"Yuko gerezani," alirudia Mjomba. "Alimwonya Heriel kuhusu kamba mara kadhaa. Kisha akaweka kiganja."

"Na mimi? Kwa nini mlinichukua mimi?"

"Heriel alinipa vigezo viwili vya kuchuja waombaji. Kwanza leseni. Pili, mtu asiyebisha. Chuoni mradi wako ulipewa mwenzako, hukukata rufaa. Kwenye mafunzo ya kazi ulinyimwa cheti mwezi mzima, hukulalamika. Ulipata alama za juu sana."

Hasira haikumjia Siwema kwa kelele. Ilimpanda taratibu, mpaka masikio yakawa moto. Alikasirika kwa sababu ya mama wa mihogo. Alikasirika kwa sababu ya Abeid. Lakini kilichomchoma kabisa ni kwamba maneno ya ile mashine yalikuwa kweli tupu. Miaka yote alijiita mpole, na watu wakamsifia upole, kumbe upole wake ulikuwa unapimwa na kuwekewa alama kama ng'ombe wa mnadani! Akaipiga meza ngumi, vikombe vikaruka.

"Nikikataa?"

"Anayefuata ni Mhandisi Nuru Msengi. Amemaliza chuo mwaka huu. Ameshapigiwa simu. Alama zake za kutobisha zinazidi zako."

"Na mwenye muhuri, zaidi ya kufungwa, ana nini?"

"Ana kauli ya mwisho. Amri yake inapita amri ya Heriel na inapita hesabu zangu."

"Nani amewahi kuitumia?"

"Hakuna," alisema Mjomba.

Saa sita mchana ua ulijaa. Wawekezaji walikaa mbele, wamevaa miwani ya jua, wanapepewa na mafeni. Mama yake Siwema aliketi pembeni yao ndani ya kitenge kipya, amenyooka kama bibi harusi, anamwambia kila apitaye, "Huyo ndiye wangu, injinia." Heriel alihutubia kuhusu hewa safi, kuhusu vijana, kuhusu Singida itakayoangaza nchi. Mama wa mihogo hakumtaja.

Kisha mama akaitwa. Akamfunga mwanawe khanga mabegani, akamnong'oneza, "Mwanangu, leo hata nikifa sidai." Siwema alitaka kumwambia. Lakini wageni walikuwa wanangoja. Akalisogelea bamba, akaweka kiganja.

"Muhuri umepokelewa," Mjomba alitangaza kwenye vipaza sauti. "Mhandisi mwenye dhamana ni Siwema Ntandu."

Mama akapiga kigelegele, wageni wakapiga makofi. Siwema hakuondoa mkono.

"Mjomba, shusha kishada. Kifungwe, kisiruke mpaka niseme mimi."

Makofi yakapungua, yakaisha. Heriel akawageukia wageni na meno yote nje. "Injinia wetu ana utani! Mjomba, endelea na kazi."

"Samahani, Heriel," alisema Mjomba. "Kauli ni ya Mhandisi Siwema."

Pipa likabadili mlio. Angani lile doa jeusi likaacha kuchora nane, likaanza kukua. Mafeni yakasimama. Muziki ukakatika katikati ya wimbo. Zahanati ilikuwa na betri zake, lakini mtaa mwingine wote ulizimika, na basi la abiria linaloendeshwa kwa nyaya za umeme likasimama katikati ya barabara. Haikuchukua muda matusi yakaanza kuruka ukuta kutoka sokoni. Wale wale ambao kamba ingewaangukia walikuwa wanamtukana aliyeiondoa. Hilo nalo lilimkasirisha Siwema, asikudanganye mtu.

Wawekezaji walishasimama. Heriel akamjia, akamnong'oneza, "Umetuua! Unajua utalijibu hili? Mbele ya serikali, peke yako! Mimi sitakuwepo."

"Si ndiyo kazi mliyoniajiria, kujibu?" Siwema alisema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma. "Basi nitajibu. Nitajibu na la mama mliyemuua sokoni. Nitajibu na la Abeid. Na utakuwepo, kaka Heriel, kwa sababu Mjomba nitampeleka aseme."

Macho yakamtoka Heriel kuelekea kwenye vipaza sauti, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

Mama yake alikuwa bado amesimama palepale. Uso ulikuwa umemsinyaa. "Siwema, ndiyo umenifanyia nini? Mbele za watu!"

"Mama, aliyesimama hapa kabla yangu yuko jela. Alifungwa kwa kamba kama hii. Walijua."

Mama aliitazama kamba iliyokuwa inarudi kwenye pipa, nyuzi zinaning'inia kila upande. Akakitazama kiti chake na sahani ya pilau iliyokuwa juu yake.

"Huyo kijana na yeye walimfanyia sherehe?"

"Walimfanyia."

"Mama yake aliletwa?"

Siwema hakujua. Akageukia kipaza sauti. "Mjomba, mama yake Abeid alikuwepo?"

"Alikuwepo," alisema Mjomba. "Alikaa kwenye kiti hicho hicho. Alipiga vigelegele kuliko wote."

Mama alishika mdomo. Halafu akamgeukia Heriel, na yule mama aliyekaa kama bibi harusi mwanzoni hakuonekana tena.

"We mtoto," alisema, "nyumbani kwa huyo mama yake Abeid ni wapi, nikamwone?"

Heriel akarudi nyuma. Mama akamsogelea mpaka pua zikakaribia kugusana, akamuuliza tena.