Nyumba Isiyofagiwa

"Nambie kimoja tu," alisema Noof, mkono umeshaushika mpini wa sanduku. "Kimoja tu katika yote nilokuhadithia kutoka India, na sanduku hili nalirudisha chumbani."

Yaqdhan alikuwa kasimama katikati ya sebule yao ya Al Amerat. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Ulinisikiliza au hukunisikiliza?"

"Nilikusikiliza."

"Basi sema!"

Mwanamme akatazama sakafu. Ndivyo alivyo huyu, ukimkaripia maneno yote humkimbia akabaki kupepesa macho. Lakini Noof alikuwa keshachoka kuufasiri ukimya wa mumewe.

Wiki sita alikaa Chennai kumuuguza mama yake, Bi Kheiria, aliyekwenda kupasuliwa goti. Kila siku alimrikodia mumewe ujumbe wa sauti, na kila ujumbe aliuanza kama alivyokuwa akianza bibi yake akitaka kuhadithia. Sasa mimi na wewe tunajua, mtu akisema paukwa anangoja pakawa. Basi sikiliza mwenyewe.

"Paukwa, Yaqdhan! Leo nimemuuliza bawabu kama lifti nzima. Akatikisa kichwa huku na huku, si ndiyo si siyo, kama mtu anayejaribu shingo mpya. Nikapanda ngazi mpaka juu, pumzi zinanitoka. Kumbe maana yake ndiyo!"

Jibu la Yaqdhan: dole gumba.

"Paukwa! Watu wa huku wanakunywa maji bila ya chupa kugusa mdomo, wanayamimina kutoka juu. Na mie nikajitia kujaribu. Abaya yote chapachapa! Mama kacheka mpaka nesi kaja mbio kutazama mishono."

Dole gumba.

"Paukwa! Mwenye nyumba tuliyopanga, Bi Saroja, kahawa anaimimina kutoka gilasi mpaka kibakuli, mkono mmoja juu mmoja chini, utadhani muuza vitambaa anapima wari. Na kila asubuhi anachora maua mlangoni kwa unga wa mchele. Sisimizi wakija kuula, anafurahi! Nikamuuliza, mama, huwafukuzi? Kasema, na hao wageni wangu."

Dole gumba. Dole gumba, jamani! Mke anakuletea dunia nzima mkononi, wewe unamrudishia kidole.

"Haya," alisema Noof. "Mie nakwenda kwa mama, Mabela. Siku utakayopata la kusema, utanambia."

Akalivuta sanduku kwa hasira. Mfuko wa nje ulikuwa wazi, ikaanguka pakiti ya chipsi za ndizi alizomletea yeye Yaqdhan, ikapasuka, chipsi zikatawanyika mlango mzima. Hakuna aliyeinama kuziokota.

"Noof..."

Mlango ukafungwa.

Jioni ile simu ikalia ujumbe: *Umefika salama?*

Noof akajibu kwa dole gumba. Na yeye aonje.

Tangu hapo, kimya. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili nayo ikawa inakatika. Bi Kheiria, mguu kaunyoosha juu ya mto, akawa anamtazama bintiye anavyoichungulia simu kila dakika.

"Mama," alisema Noof siku moja wakinywa chai, "mwambie ami Awadh aje Ijumaa. Nataka aende kwa Yaqdhan kunidaia talaka."

"Lahaula! Talaka? Kakupiga?"

"Hajanipiga."

"Kakunyima?"

"Hajaninyima kitu."

"Ana mwanamke?"

"Bora angekuwa naye, ningejua maneno yake anayapeleka wapi. Mama, nimesema na yule mtu kama nasema na ukuta. Sitaki kuzeeka nikiongea peke yangu."

Bi Kheiria akashusha pumzi. "Baba yako naye hakuwa msemaji, mwanangu."

"Na weye ulifurahi?"

Mama akaweka kikombe chini. Akampigia Awadh.

Alkhamisi mchana simu ya Noof ikalia. Ni Balqees, dada yake Yaqdhan.

"Alo, wifi! Njoo umtazame mumeo, ndugu yangu kaingiwa na wazimu!"

"Kafanya nini?"

"Nimemletea chakula hapa Amerat. Wallahi nakuta nyumba ina vumbi kama wenyewe wamehama! Machipsi yamesagika mlangoni, sisimizi wamejipanga safu nzima. Nikashika ufagio. Kaninyang'anya, wifi! Mie dada yake mkubwa! Kenda kuufungia ndani ya gari!"

"Kasema nini?"

"Ati, 'Isifagiwe. Noof hajarudi.' Nikamwambia, huoni haya, mwanamme mzima unamngoja mke aje akufagilie?"

Noof akakaa kitandani.

"Wifi? Upo?"

"Nipo. Usifagie, da Balqees. Nakuomba."

"Ha! Na weye pia?"

Alipokata simu, Noof aliutafuta ujumbe wake mmoja wa siku za mwisho za Chennai, akaisikiliza sauti yake mwenyewe:

"Paukwa! Leo nimekaripiwa Kitamil! Mwanawe Bi Saroja kaondoka asubuhi, karudi kazini kwake Dubai. Mie nikaona nimsaidie mama wa watu, nikashika ufagio. Alivyonijia mbio! Kaninyang'anya, machozi yanamlengalenga. Kumbe kwao mtu akishatoka safari, nyumba haifagiwi nyuma yake. Inafagiwa akitolewa maiti, kwa kuwa huyo harudi tena. Anayerudi, anaachiwa nyayo zake. Mambo ya watu hayo, bwana! Nimecheka, kisha nikaona haya kucheka."

Na chini yake, dole gumba.

"Mama," aliita Noof, huku anatafuta ufunguo wa gari na machozi hayamuachi auone. "Nakwenda Amerat."

Yaqdhan mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Ndevu hazijachongwa, na soksi zimegeuka rangi kwa vumbi.

"Nyumba chafu," alisema.

"Naiona."

Noof akazivuka chipsi, akaingia, akasimama palepale aliposimama siku ile.

"Bi Saroja alingoja mpaka jioni tu, kisha akafagia, Yaqdhan. Si wiki mbili!"

"Bi Saroja alijua mwanawe anarudi. Mie nlikuwa sijui."

Noof akauma mdomo. "Mila za watu hizo. Si zetu."

"Najua. Wala siziamini. Lakini nlishika ufagio mara mbili, mkono ukakataa."

"Sasa kwa nini hukunambia? Nlikuomba kimoja tu!"

"Yalikuja yote pamoja yakakwama." Akaashiria gari nje. "Noof, nlikuwa nakusikiliza garini, navuka jabali kwenda kazini Khuwair. Ile ya shingo mpya, nacheka peke yangu, watu wa gari za pembeni wananitazama. Nikifika nataka kukujibu. Kila nikitafuta neno naliona bovu mbele ya yako. Basi natia dole."

"Ningelipenda hilo hilo bovu."

"Sikujua."

"Nlikuwa peke yangu kule! Mama anaumwa, usiku silali, nachekesha ili nisilie. Nlikuwa nataka mtu aniitikie tu."

Yaqdhan akafunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, macho yalikuwa mekundu.

"Nisamehe."

"Kesho ami Awadh anakuja kwako. Nlimtuma akudai talaka."

Rangi ikamtoka mwanamme. Akaitazama sakafu yake, chipsi zake, sisimizi wake.

"Na sasa?"

"Sasa atakuja kula. Na sitaki akute uchafu huu. Lete ufagio."

Akatoka mbio mpaka garini, akarudi nao. Noof akanyoosha mkono, Yaqdhan akaukwepesha.

"Nafagia mie. Weye kaa."

Alifagia vibaya, maskini, vumbi analitoa huku analipeleka kule. Alipofika kwenye chipsi za ndizi aliwapitia pembeni sisimizi, kwanza wamalize. Noof kakaa juu ya kiti, miguu kainyanyua, anamtazama.

Mara ufagio ukasimama. Yaqdhan hakugeuka, shingo imemwiva kwa haya.

"Paukwa," alisema.

Noof hakumngoja hata avute pumzi.

"Pakawa!"