Chai ya Habiba Isiyo na Sukari

Ndugu zangu wa Kyela, nipeni masikio, maana haya yalitokea sokoni petu.

Kila asubuhi Habiba, muuza vitenge, na wifi yake Asia walikunywa chai mlangoni pa duka, wakiitikia salamu za "ugonile" za wapita njia na kutaniana. Chai ya Habiba haikuwa na sukari. Asia ndiye aliyeikataza, kwa mapenzi tu, maana Habiba alimwambia ana kisukari.

Uongo mtupu! Habiba alikuwa na ugonjwa wa viungo uliompinda vidole, hadi daktari bingwa wa Dar es Salaam alipomwanzishia sindano mpya zinazoshusha kinga ya mwili. Alizificha kwenye friji ya soda. Miaka ile, mtu wa sindano za siri alisemwa ana "ugonjwa ule", na wateja wangemkimbia. Akasingizia kisukari, maana nacho kina sindano. Nani alimfundisha uongo huo? Ndimi zetu.

Basi wakapanga kwenda Malawi kufuata mzigo, na safari ikataka chanjo ya homa ya manjano. Kwenye zahanati, muuguzi Restituta akauliza, "Mama, unatumia dawa yoyote?"

Habiba akageuka kuitazama foleni. Asia akadakia, "Wifi yangu ana kisukari tu, sista. Mchome!"

"Kisukari hakizuii," alisema muuguzi, akivuta dawa kwenye bomba la sindano.

Habiba akakumbuka onyo la daktari: chanjo yenye vijidudu hai, usichomwe kabla hujaniuliza. Lakini foleni nzima nyuma yake ilikuwa ya majirani. Aibu ilimkaba, hofu ya kufa ikamkaba zaidi. Akaurudisha mkono.

"Sista, nimedanganya. Ni sindano za viungo. Zinashusha kinga."

Restituta akaweka bomba chini. "Afadhali umesema! Kirusi cha humu ni hai, kimedhoofishwa tu. Kwako kingeweza kuua. Zipo chanjo za magonjwa mengine zisizo na vijidudu hai. Tumpigie daktari wako."

"Ndaga, sista, asante sana," alisema Habiba.

Asia alimkodolea macho. "Kumbe nakunyima sukari bure!" Kisha akamkumbatia, akilia.

Asia alichanjwa, na baadaye akaenda Malawi peke yake. Habiba alipata chanjo ya homa ya ini, kwa ruhusa ya daktari. Wateja hawakukimbia. Na asubuhi iliyofuata siku ile ya zahanati, Asia alimtilia wifi yake sukari hadi chai ikanata midomoni.

FUNZO

Mwambie muuguzi kila dawa unayotumia kabla hujachanjwa. Usiiache dawa wala usiikatae chanjo kwa kubahatisha. Muulize daktari wako. Nasi tuache kumsema mgonjwa, asije akafa kwa kutuogopa.