Bahasha Iliyolowa

Kila siku ya shule, kengele ya mwisho ikishalia, Kerensa hakwenda kwao moja kwa moja. Alipanda kilima hadi nyumbani kwa Bibi Loveday, kwa sababu mama yake, Jenifer, alikuwa akioka pasti, yaani mikate iliyojazwa nyama, kiwandani hadi saa kumi na mbili jioni. Pale jikoni alikunywa chai na kufanya kazi za shule, huku bibi yake akimenya viazi na kuwasema majirani. Bibi alikuwa na miaka sabini na sita. Kwa miaka thelathini alikuwa mpishi wa shule ya msingi hapo mjini Camborne, na mpaka leo wanaume wenye ndevu walimwamkia barabarani kwa adabu, kwa jinsi walivyouogopa mwiko wake utotoni.

Uani, chini ya turubai la kijani, lilikuwepo gari la marehemu babu. Tangu babu afariki, lilikuwa limeandikishwa kwa jina la Bibi. Bibi hakujua kuendesha, wala hakutaka kuliuza. Lakini sheria ya huko haimwachi mtu akalilaza gari tu, hata uani kwake. Ama alilipie kodi, ama aiarifu ofisi ya magari kwamba halitoki tena barabarani. Bibi alilijua hilo. Kodi ilipokaribia kwisha, mwezi wa Septemba, alijaza fomu, akaitia kwenye bahasha, akabandika stempu.

"Mjukuu wangu, kesho ukienda shule itumbukize kwenye sanduku la posta. Na usiikunje."

"Sawa, Bibi."

Asubuhi ile mvua ilinyesha, na rafiki yake Tegen alikuwa akimwita kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara, "Kerensa, kimbia, basi linatuacha!" Walikimbia. Sanduku la posta wakalipita.

Wiki mbili baadaye Kerensa aliikuta bahasha chini kabisa ya begi lake. Chupa ya sharubati ilikuwa imevuja. Karatasi imelowa, wino umetapakaa. Bibi angefoka! Akaitupa kwenye pipa la taka la shule, akajiambia atasema kesho. Kesho yake hakusema, wala keshokutwa yake.

Mwezi wa Novemba ikaja barua. Bibi aliisoma akiwa amesimama, miwani puani.

"Faini pauni themanini! Eti nina gari lisilolipiwa kodi! Gari lenyewe halijatoka hata kwenda kununua maziwa! Na fomu yao niliwapelekea." Akamgeukia mjukuu wake. "Si nilikupa, ukaitia posta?"

Kerensa alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Ndiyo, Bibi."

"Haya basi! Watanitambua. Sitoi hata senti."

Bibi akaandika barua ya kuipinga faini, kurasa mbili. Majibu yalikuja baada ya siku kumi. Ofisi haikuipata fomu yoyote. Kila anayeileta hutumiwa barua ya kuthibitisha, na asiyeipata hutakiwa kuuliza. Je, Bi Loveday anayo barua hiyo? Kama hana na halipi, jambo lingeweza kufika mahakamani.

Bibi alimwaga mezani makaratasi yote ya kwenye kopo la biskuti. Hakuiona. Siku iliyofuata alitafuta kwenye droo, halafu chini ya godoro.

"Labda ilikuja nikaiweka mahali," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Au labda fomu sikuitia. Nilitia bili ya maji. Inawezekana, eh?"

Kerensa aliinamia daftari.

Tangu siku hiyo Bibi alibadilika. Alianza kuandika mambo kwenye kiganja: "zima jiko", "dawa saa mbili". Aliacha kuwasema majirani. Jioni moja mama alipokuja kumchukua Kerensa alikuta sufuria imeungua, na wakiwa njiani akampigia simu kaka yake, Perran.

"Mama anasahau, Perran. Kwanza ile fomu, sasa jiko... Kuuza nyumba? Mbona mapema hivyo? Haya, ngoja kwanza daktari ampime kumbukumbu Alhamisi. Akisema ni vibaya, tutamtafutia makao ya wazee."

Usiku ule Kerensa hakula. Asubuhi alimweleza Tegen kila kitu.

"Wewe!" Tegen alishtuka. "Wanataka kumtoa bibi yako nyumbani kwake kwa kitu ulichofanya wewe? Mwambie leo!"

"Atanichukia."

"Achukie. Wewe unaogopa kugombezwa, yeye anaogopa kuwa kichaa."

Kerensa alimkasirikia Tegen kutwa nzima. Alasiri alipofika kwa Bibi, alimkuta kwenye kiti cha jikoni, mikono magotini, amefumba macho.

"Mia moja. Tisini na tatu. Themanini na sita. Sabini na tisa." Bibi akafumbua macho. "Usinicheke. Mke wa jirani anasema daktari huuliza hivi, kurudi nyuma kwa saba. Nisikilize. Nikikosea usinihurumie, niambie."

"Hujakosea, Bibi."

"Sabini na mbili. Sitini na..." Akahesabu kwa vidole. "Sitini na ngapi?"

Kerensa akaangua kilio.

"Bibi, akili yako haina tatizo! Ni mimi! Bahasha sikuitia posta. Niliisahau kwenye begi, ikalowa, nikaitupa. Nikakudanganya."

Birika lilikuwa likichemka. Bibi alilizima taratibu.

"Fomu ilikuwemo ndani?"

"Ilikuwemo. Niliiona kwa macho yangu."

Bibi alijifunika uso kwa aproni. Mabega yake yalitikisika. Kerensa hakuwahi kumwona akilia tangu mazishi ya babu. Alipotaka kumsogelea, Bibi aliinua mkono.

"Toka nje kidogo. Nisije nikasema nisilotaka kulisema."

Mama alimkuta amekaa kwenye kizingiti, manyunyu yakimwangukia. Aliposikia kisa, naye aliona haya, maana alikuwa amemhukumu mama yake upesi.

Kesho yake Bibi aliipigia simu ofisi ya magari, Kerensa akiwa pembeni. Hakuzunguka. "Niliwaandikia kwamba fomu ilipelekwa. Si kweli. Nilidhani hivyo, lakini haikupelekwa." Karani alieleza kwamba faini haifutwi, kwani wajibu ni wa mwenye gari. Ila kwa kuwa ameacha ubishi, akilipa ndani ya wiki atalipa nusu. Bibi alilipa, akapeleka fomu nyingine, na safari hii barua ya kuthibitisha ikaja. Mjomba Perran alipigiwa simu na Kerensa mwenyewe. Bibi alilazimisha hivyo.

Alhamisi Bibi alikwenda kwa daktari vilevile. "Nimejifunza saba hizi kwa tabu, haziendi bure," alisema. Daktari hakuona tatizo. Alisema wasiwasi pekee unatosha kumuunguzia mtu sufuria.

Jioni hiyo Bibi alimketisha mjukuu wake mezani.

"Kusahau bahasha si dhambi. Mimi niliwahi kupikia watoto mia mbili uji bila chumvi. Ungeniambia siku ile, ningefoka kidogo, nikajaza nyingine, basi. Hata ile faini haikuniuma. Kilichoniuma ni wiki zote nilizokaa hapa nikiamini akili yangu inaniacha, na wewe umekaa mbele yangu, unajua, unakunywa chai. Ukificha kosa lako, kuna mtu atalibeba badala yako, na mara nyingi ni yule anayekuamini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Bado nina hasira, lakini nimekusamehe." Bibi alimshika kidevu, akamwinua uso. "Na ulisema kabla ya Alhamisi, bila kubanwa na mtu. Hilo nalo nitalikumbuka."