Spika ya Kushoto

Namutebi alikuwa anamenya ndizi, mikono ameipaka mafuta ili utomvu usigande, Moraa alipochungulia juu ya ua wa mabati na kumwambia kwamba jogoo wake amekuwa bubu.

"Jogoo gani?"

"Si ni huyu wako, Mama Kisakye. Njoo umwone. Anapanda kwa tangi, ananyoosha shingo, anafungua mdomo, halafu hakuna kitu. Nimemtazama mpaka chai yangu imepoa."

"Labda amekwamwa na mfupa."

"Mfupa gani unamwacha akule mahindi yangu yote?"

Moraa alikuwa Mkenya, mhudumu wa mapokezi kwenye hoteli moja mjini, na siku za mapumziko hakukosa la kusema. Namutebi alifuta mikono kwenye kanga, akatoka. Jogoo alikuwa juu ya tangi la maji. Kifua kilimjaa, mdomo ukafunguka, ulimi ukatetemeka. Kimya. Kisha ndani ya nyumba, mahali ambapo muziki ulikuwa unacheza tangu asubuhi, wimbo mmoja ulikwisha, na kabla ya mwingine kuanza jogoo aliwika kutoka spika ya kushoto.

"Huo wimbo uko na jogoo?" Moraa aliuliza.

"Uko naye," alisema Namutebi, na akarudi kwenye ndizi zake, kwa sababu wateja hawali majibu.

Alikuwa anapika na kuuza chakula mbele ya kiwanja chao mtaa wa Munuki, Juba, karibu na steji ya boda boda ambako mume wake, Lubega, alisubiri abiria. Spika hizo mbili Lubega alizinunua soko la Konyo Konyo, kuukuu, kwa mtu aliyesema "mafi mushkila", hakuna shida, kabla hajaulizwa kama zina tatizo. Masanduku yalikuwa ya mbao nzuri. Lakini zilipowashwa ziliimba kama mtu aliyefunikwa blanketi.

Spika mpya hawakuziweza, kwa hiyo Lubega akaanza kuzitibu zile kuukuu. Ukingo laini unaoshika karatasi ya spika ulikuwa umeoza. Akakata mwingine, akaubandika kwa gundi ya viatu. Akagundua kwamba waya za spika moja zimefungwa kinyume, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi yote inapotelea katikati. Akazibadilisha. Akaziba nyufa za masanduku kwa nta ya mshumaa, akaziinua kutoka sakafuni kwa matofali, akazisogeza mbali na ukuta na kuzigeuza zitazame viti. Kila jambo liliongeza kidogo. Namutebi hakupenda vitu vinavyokaa sebuleni bila kazi, lakini alikiri kwamba sasa angalau maneno ya nyimbo yanasikika.

Mwisho yakabaki matumbo ya masanduku. Sanduku tupu linavuma, Lubega alimweleza. Lazima ulijaze kitu kizito chenye nyuzinyuzi kinywe ule mvumo. La kulia alilijaza sponji ya godoro la zamani. Sponji haikutosha. La kushoto alilijaza peke yake, Namutebi akiwa sokoni, na alipoulizwa amejaza nini alisema ni kitambaa.

Jioni ile spika ya kushoto ilifunguka. Watu waliokuwa wanakula nje waliacha vijiko. Uliweza kusikia mwimbaji akivuta pumzi, uliweza kusikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi za gitaa. Wateja walianza kuja kutoka hata steji nyingine, na kila siku sauti ilikuwa nzuri kuliko jana yake. Sebule nayo ikapata harufu, ya mti uliolowa na moshi wa zamani, ambayo Namutebi aliipigia deki bila mafanikio.

Baada ya jogoo ilikuwa zamu ya mbwa wa Thiik, muuza makaa wa nyumba ya nyuma. Mbwa aliwarukia watu, akatoa meno, akatikisika mwili mzima kwa hasira, na hakuna mlio uliotoka. Thiik alicheka, akasema sasa ana mbwa wa kanisani. Namutebi hakucheka. Mchana huo, chini ya wimbo wa harusi, alikuwa amesikia kubweka.

Kisha Kisakye.

Kisakye alikuwa binti yake mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, msichana anayeongea tangu anapofumbua macho, anayebishana na mama yake, na redio, na sufuria. Alikuwa na mazoea ya kufanyia kazi za shule sakafuni, ameegemea matofali ya spika ya kushoto. Asubuhi hiyo alitoka chumbani akiwa amejishika koo. Mdomo wake ulikwenda. Namutebi alimwangalia akiumba maneno yote, "Mama, Mama," akiyarudia, na hakusikia hata upepo wa pumzi.

Alimwinamisha, akamtazama kooni kwa tochi ya simu. Hakukuwa na uvimbe wala homa. Alimpeleka zahanati, daktari akasema koo ni safi, apumzike. Walirudi saa za mchana jua likiwa kali, umeme wanaounga kwa jirani umekatika, kiwanja chote kimelala, na walipofika mlangoni Namutebi alisikia kicheko, kicheko cha Kisakye, kile cha puani alichomkataza mara nyingi, kikitoka sebuleni mahali ambapo hapakuwa na mtu, huku Kisakye mwenyewe akiwa amemshika mkono na kucha zikimwingia nyamani, na taa ndogo nyekundu ya redio imezimika, na waya wa umeme umelala sakafuni mbali na ukuta kama alivyouacha mwenyewe asubuhi, na kicheko kikaendelea, kikawa kikohozi cha mwanaume, kizito, chenye maji, kikanyamaza.

Alimtoa Kisakye nje, akambeba na mdogo wake, Fortunate, aliyekuwa amelala mkekani chumbani, akawapeleka wote kwa Moraa.

"Hilo ni jini," Moraa alinong'ona akishafunga mlango. "Aki nimejua tangu siku ya jogoo."

"Ulijua, ukanywa chai."

"Ningesema nini? Kuna mama mmoja mtaa wa Malakia, wanamwita kujur. Anaongea na vitu kama hivyo. Unaenda na mbuzi mweupe, unapiga magoti, unaomba msamaha."

"Msamaha wa nini?"

"Sijui. Huwa wanakuambia huko huko."

"Limeingia kwangu bila mbuzi," alisema Namutebi, "litatoka bila mbuzi. Shikilia watoto wangu. Usiwaruhusu watoke."

Alipita steji kumwita Lubega. Alimkuta anapangusa pikipiki, akamwambia mbele ya wenzake, "Baba Kisakye, njoo unionyeshe ulichokitia kwenye spika yako." Lubega alimfuata bila kubisha, na hapo Namutebi akajua kwamba alikuwa na cha kuficha.

Walifungua parafujo za nyuma kwa kisu cha jikoni. Harufu iliwapiga usoni. Namutebi aliingiza mkono, akavuta, na kitambaa kikatoka kirefu, kizito, rangi ya matofali. Hakikuwa pamba. Ilikuwa lubugo, kitambaa cha gome la mti ambacho Waganda humzungushia maiti kabla ya kumzika.

"Cha nani?"

Lubega alikuwa katibu wa mazishi wa umoja wa Waganda pale Munuki. Kitambaa kimoja kilikaa nyumbani kwao tayari siku zote, kwa sababu safari ya mwili kwenda mpakani Nimule haisubiri mtu atafute soko.

"Cha umoja si hiki," alisema kwa sauti ya chini. "Hicho kipo. Hiki kilikuwa cha Edrine."

Namutebi alimkumbuka vizuri. Edrine alikuwa utingo wa lori, kijana wa maneno mengi aliyekula kwake kila aliposhuka Juba. Lori lao lilitumbukia mtoni wakati wa mvua. Dereva alipatikana. Edrine hakuonekana, lubugo yake ikabaki imekunjwa, na kwao hawakutaka kusikia habari za kuzika mtu asiyeonekana.

"Ilikaa tu," Lubega alisema. "Haiwezi kupewa maiti mwingine. Na ni nzito, mama, ina nyuzi, kwa kazi hii hakuna kitu kizuri kama..."

"Nyamaza."

Spika ilikuwa imepumua. Karatasi yake ilisogea mbele taratibu, ikarudi nyuma.

"Mama," ilisema, kwa sauti ya Kisakye. "Usinifunge. Nilipiga kelele majini mpaka sauti yangu ikaisha. Hakuna aliyesikia. Sasa nasikika."

Lubega alipiga magoti, akashika kichwa. Namutebi alibaki wima.

"Edrine, usiniite mama kwa mdomo wa mtoto wangu. Rudisha."

"Bado kidogo tu. Fortunate ana sauti tamu. Nikipata na hiyo, nitaimba mpaka watu wa ng'ambo ya mto waje kula kwako. Hutakaa chini kwa wingi wa wateja."

"Nilikuwa nikipika kabla hujaja na nitapika ukishaondoka," alisema Namutebi. "Mimi sikukuzamisha. Nilisikitika ulipokufa, nikalia kama wengine, nikamaliza. Deni lako liko mtoni, halipo kwangu."

Spika ilianza kuvuma. Mvumo ulipanda kutoka sakafuni, ukaingia magotini, vikombe vikaanza kutembea kabatini, na ndani ya mvumo kulikuwa na jogoo na mbwa na mtoto wakipiga kelele pamoja, na maji, maji mengi yanayozunguka, hadi Lubega akaziba masikio na kumwomba mkewe watoke, watoke tu, wakamtafute huyo mama wa Malakia, wamnunulie mbuzi, wamnunulie hata ng'ombe.

Namutebi alitoka, ndiyo, mpaka jikoni. Alirudi na sufuria tupu ya ndizi, ile iliyokaa kwenye makaa tangu ahamie Juba, tako lake jeusi kama lami. Alikaa kwenye kiti mbele ya spika, akakunja ncha ya lubugo, akaanza kusugua masizi.

Mvumo ulikatika.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha. Kitambaa kizuri hiki. Baada ya sufuria nitapiga deki, halafu nitamkatia Thiik afutie mbwa. Au unirudishie mtoto, na mimi nitakusitiri leo leo. Chagua, kwa sababu nina chakula cha jioni cha kupika."

Alisugua tena. Iliporudi, sauti haikuwa ya Kisakye. Ilikuwa ya kijana, imekauka, karibu haipo.

"Mama Kisakye. Usinichafue. Nisitiri."

Namutebi aliacha kusugua. Aliiosha ile ncha kwenye karai, akaikamua, kisha yeye na Lubega wakaizungushia spika lubugo yote, mbele na nyuma, wakaifunga kwa kamba ya mgomba kama anavyofungwa mtu.

"Kazi yote ile," Lubega alisema kwa masikitiko, "na hiyo ndiyo ilikuwa inaimba."

"Beba upande wa miguu."

Waliita raksha, bajaji ya Juba. Kisakye alikwenda nao. Mama yake alisema mwenye mali awepo wakati wa kurudishiwa. Njiani kitu kilijaribu kuzungumza ndani ya kitambaa, kikamsalimia dereva kwa jina la baba yake, na dereva, kijana aliyeitwa Lagu, akakaribia kuingia mtaroni. Namutebi aliikalia spika.

"Endesha," alisema. "Ni redio mbovu."

Kwenye kiwanja cha makaburi ambako umoja wao ulikuwa na sehemu, Lubega alichimba. Aliita jina la Edrine na jina la baba yake, akasema sala, na Namutebi akaitikia kila mstari. Waliishusha. Kwa kila koleo la udongo mvumo ulizama zaidi, na walipomaliza kushindilia kwa miguu Kisakye aliinama ghafla, akakohoa. Kikohozi kilisikika. Alitema maji kidogo, ya rangi ya udongo, ambayo hakuwa ameyanywa.

Walipanda raksha, koleo miguuni, wakarudi nyumbani.

Jioni ilikuwa imeingia Namutebi alipopakua. Ndizi alizomwachia Moraa zilikuwa zimekaa motoni kupita kiasi, mchuzi wa karanga umekuwa mzito. Moraa alikuwa amebaki kula, amempakata Fortunate, ambaye alikuwa anaimba jambo lisilo na kichwa wala miguu na kugonga kijiko. Lubega alikaa karibu na mlango. Kisakye alipokea sahani yake kwa mikono miwili, akaonja, akakunja uso.

"Mama," alisema, kwa sauti ya kukwaruza, "hii imeungua."

"Kula."

Namutebi aliwahesabu kwa kijiko cha kupakulia, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwapo. Akajipakulia mwenyewe, akakaa.