Sauti ya Mama Ndani ya Jijengee

Ndugu zangu, nyumba ninayotaka kuwasimulia ilikuwa na utulivu wa kuonewa wivu. Kila asubuhi mwana aliingia chumba cha nyuma, akafungua dirisha, akampangusa mama yake uso kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, akamshikisha kikombe cha chai. Macho ya mama yalikuwa yamefifia na miguu ilikwisha kumgomea, lakini masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Alimjua kila mtu kwa sauti. "Leo umelala vibaya, baba," angesema kabla mwanawe hajamaliza kumwamkia, na kweli jamaa alikuwa amelala vibaya.

Mtaani walimwita Fundi, kwa kuwa aliandika programu za simu na kompyuta. Wakati huo alikuwa akitengeneza jukwaa aliloliita Jijengee. Mtu asiyejua hata mstari mmoja wa msimbo angeweza kuburuta vipande kwenye kioo, akaviunganisha kwa kidole, na programu yake ikasimama. Wazo lilikuwa zuri, nami sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni na kilichofuata. Kazi ilipopamba moto, wito wa mama ulianza kumkera Fundi kama nzi sikioni. Baba, maji. Baba, dirisha. Baba, upo? Basi programu ya kwanza kabisa aliyoijenga kwa Jijengee ilikuwa ya kumjibu mama yake. Aliweka kidude kidogo juu ya kabati la mama, chenye kusikia na kusema. Mama akiita, kidude kinajibu kwa sauti ya Fundi mwenyewe: "Nakuja, mama. Nipe dakika moja." Maneno hayo aliyarekodi kwa upole mwingi, hata akatabasamu, kama mtu anayepigwa picha. Wito wenyewe ulihifadhiwa ili ausikilize akipata nafasi. Nafasi! Na vyumba vyao vilitenganishwa na ukumbi mfupi tu.

Dada yake, mshonaji aliyeolewa upande wa pili wa mji, alipokuja kumjulia mama hali alikikuta kidude kikijibu. Akashika kiuno.

"Kaka, hicho nini?"

"Kinamliwaza mama."

"Kinamdanganya mama."

"Dada, nikishazindua tu, mambo haya yamekwisha. Nitakaa naye mpaka anichoke mwenyewe."

Uzinduzi ukafika. Fundi aliwaalika watengenezaji programu wengi ili walijaribu jukwaa na kumwandikia maoni. Ile programu ya mama alikuwa ameigeuza kuwa msingi, na kila programu mpya ilijengwa juu yake. Wenye kazi hiyo wanajua kwamba kabla ya kuwapa watu kitu kama hicho, unaondoa vya nyumbani kwako na kuweka vya kuigiza. Fundi, kwa haraka zake, alisahau. Kwa hiyo kile kidude cha juu ya kabati kilibaki kimeunganishwa na programu ya kila mjaribu, popote alipokuwa, wala Fundi hakujua.

Na maoni je? Nayo aliyaundia mjibuji. Yeyote aliyeandika alipata jibu papo hapo: "Asante kwa maoni yako. Tunalifanyia kazi." Fundi mwenyewe alivaa vipokea sauti vyake vikubwa masikioni, akaweka muziki, akawa anasoma sifa tu. Kichwa kilimvimba. Kesho yake asubuhi hata kitambaa cha mama hakukigusa.

Laiti angesoma yale mengine! Mmoja aliandika: "Jukwaa linakwenda vizuri sana, ila kuna sauti ya bibi kwenye programu yangu. Nimtoe wapi?" Mwingine, aliyekuwa akilijengea duka la vipuri programu: "Mteja alikuwa anatazama bei ya betri, simu ikamuuliza kama mlango umefungwa. Amekimbia na betri hajanunua." Wa tatu hakuwa na mzaha: "Nimefuta vipande vyote, nimebaki na ukurasa mtupu. Ukurasa mtupu unaniomba maji."

Asante kwa maoni yako. Tunalifanyia kazi.

Jua lilikuwa limepanda sana simu ya Fundi ilipoita. Ilikuwa namba aliyoiweka kwa ajili ya wanaotaka kununua, kwa hiyo alivua vipokea sauti haraka, akaisafisha sauti yake. Upande wa pili alikuwa mwanamke, mmoja wa wajaribu.

"Samahani, kaka. Ninaongea na mtu kweli, au ni ile mashine tena?"

"Ni mimi mwenyewe. Karibu sana. Una tatizo na programu?"

"Sina. Jana nilikuwa nalo, kuna mama alikuwa anaita. Leo asubuhi aliita sana, halafu kimya. Kimya hicho ndicho kimenishinda. Hebu sikiliza."

Akamchezea alichorekodi. Kwanza mvumo wa upepo, kisha sauti nyembamba: "Baba, nimeanguka. Baba, upo?" Na baada yake, kwa upole, kwa tabasamu: "Nakuja, mama. Nipe dakika moja." Tena: "Baba." "Nakuja, mama." Tena, kwa chini zaidi. "Nakuja, mama."

Fundi aliiacha simu ianguke, akatoka mbio ukumbini. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa. Nyuma ya mlango huo alijisikia mwenyewe akisema: "Nakuja, mama. Nipe dakika moja." Hakuna aliyekuwa ameita. Alisimama ameshika kitasa, akaogopa kuingia ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Alipofungua alimwona. Mama alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na kabati, midomo imekauka, kucha zikikwaruza saruji. Kidude kilikuwa kikizijibu kucha.

"Mama! Mama, nimekuja!"

Mama hakugeuza hata kichwa. Fundi akamwinua, naye akajikaza mikononi mwake, akaanza kumpapasa uso kwa hofu.

"Nani wewe? Umeingiaje humu?"

"Ni mimi, mama. Mwanao."

Bibi wa watu akanyoosha kidole kuelekea juu ya kabati. "Mwanangu yuko kule," alisema. "Huwa hashuki."

Hospitalini walimwahi. Walimtia maji mwilini, wakamfunga nyonga, wakasema atapona. Dada alipofika na kusalimu tu, mama alimjua, akamshika mkono. Fundi alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, akilia waziwazi, akiomba msamaha kwa maneno yote aliyoyajua.

"Mwanangu," mama akamwambia binti yake, "hebu kizime kidude hicho. Kimenifuata mpaka huku."

Kidude chenyewe Fundi alikwisha kukivunja. Jijengee aliifunga siku hiyohiyo, akawaandikia wajaribu wote mmoja mmoja kwa mkono wake. Lakini kuna kitu hakikutengenezeka. Hadi leo huingia chumba cha nyuma kila asubuhi kimyakimya, na kitambaa na maji ya uvuguvugu. Akimpangusa bila kusema neno, mama hutulia na kutabasamu. Akifungua kinywa tu, mama hutazama juu ya kabati.

Funzo

Wapendwa, anayekuita anakutaka wewe, si jibu lako. Siwakatazi vyombo, maana vyombo vinatusaidia wengi, mimi mmoja wao. Ila usikipe chombo kazi ya kupenda kwa niaba yako, na usimwambie mzazi "nakuja" kama huji. Na wewe unayeomba maoni ya watu, yasome yote, hasa yale yasiyokusifu. Huenda kati yake kuna mtu wa nyumbani kwako anayeomba maji.