Migongo Ukutani

Jioni ile mimi na mume wangu tulishuka na pusipusi, mkokoteni wetu wa kusukuma, kwenda kuchukua vitabu vya mwisho kabla ziwa halijavila. Maji yalikuwa yamepanda tena. Katika mitaa ya chini ya mji wetu wa Kalemie watu walikuwa wamehama hadi na milango yao, na katika barabara ya kando ya ziwa akina mama waliosha vyombo mahali ambapo zamani pikipiki zilipita. Maktaba ya misheni ya zamani ilikuwa huko huko chini, nyumba ya mawe yenye madirisha membamba. Padri Christophe aliniagiza nihamishe kila kitu mpaka kwenye ukumbi mpya mlimani. Mimi ni mwalimu wa historia. Maktaba ile niliitunza baada ya masomo, na niliipenda kuliko inavyofaa kupenda mbao na karatasi.

Mume wangu Élysée ni seremala. Rafu za ukumbi mpya alizitengeneza yeye, na njia nzima alinitania kwamba vitabu vyangu sasa vina nyumba nzuri kuliko ya kwetu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Kwanza nieleze jinsi vitabu vile vilivyokaa, maana bila hivyo hamtanielewa. Wanafunzi wangu wanadhani kitabu kimesimama hivi tangu dunia iumbwe, mgongo nje, jina mgongoni. Si kweli. Zamani huko Ulaya kitabu kililazwa sandukuni pamoja na nguo. Baadaye kikasimamishwa kwenye rafu, lakini mgongo ukiwa ukutani na kurasa zikitazama watu. Sababu yake ni mnyororo. Kitabu kilikuwa kitu adimu, kikafungwa ili kisiibwe, na mnyororo ulishikizwa kwenye ukingo wa jalada, upande wa kufungulia. Ukikigeuza, mnyororo unajipinda na kukichuna. Basi vilisimama hivyo vizazi na vizazi, mpaka vilipokuwa vingi na rahisi kupatikana. Ndipo vikafunguliwa na kugeuzwa.

Kwetu havikugeuzwa. Bruda mmoja wa misheni, mtawa aliyependa mambo ya kizamani, alitengeneza rafu ya aina ile ile: nondo ndefu chini ya ubao, pete kwenye nondo, mnyororo kwenye kila pete, na kitabu kimeshikwa kwa ndoano mwisho wa kila mnyororo. Nilijivunia sana. Nilikuwa naleta madarasa mazima kuiona.

Aliyenifundisha kuitunza ni Papa Barnabé, mlinzi wa maktaba kabla yangu. Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, alipitisha mkono kwenye minyororo, mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha kila mmoja umeshika kitu. Kitabu kikiliwa na mchwa, alitundika kitu kingine mahali pake. Kitabu cha nyimbo. Sanduku la chaki. Siku moja alirudi kwake na kiatu kimoja mguuni. Watu walimcheka, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Alipolala kitanda alichofia, ndipo aliponieleza. Minyororo ile ilifika ziwani ikiwa shingoni mwa watu. Misafara ilitoka bara, nyuma ya milima ya Marungu, ili ivuke maji kwenda kuuza watu ng'ambo. Mapadri waliwakomboa baadhi yao, na vyuma vikabaki stoo mpaka Bruda alipovikuta na kuona vinafaa kwa vitabu vyake.

“Watu walifunguliwa,” Papa Barnabé alininong'oneza. “Munyororo, nani aliuambia? Unangoja tu. Ukiupa kitu, unasahau. Kitu yoyote, mwalimu. Ila usiukumbushe muntu.”

Nilimwahidi. Na sikuiamini hadithi ile hata kidogo, lakini ahadi kwa mtu anayekufa ni ahadi. Ndiyo maana jioni ile nilibeba mfuko wa vikorokoro: vifuniko vya sufuria, ndala zilizokatika, vikopo vitupu. Padri alitaka vitabu viende mlimani bila minyororo, na mimi nilitaka kila mnyororo ubaki na kitu. Élysée aliuona mfuko, akaniuliza kama tunahama au tunafungua duka.

Ndani maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Kulikuwa na mwanga kidogo madirishani, mwekundu, wa jua linalozama. Harufu ya ukungu wa karatasi ilikaba koo. Élysée alifungua ndoano, nikapokea kitabu, nikatundika kifuniko. Akafungua nyingine, nikatundika ndala. Nilipotoka kupanga vitabu kwenye pusipusi, nilivisikia vifuniko vikigongana taratibu nyuma yangu.

Tukafika mnyororo wa mwisho. Mfuko ulikuwa mtupu.

Nilimwambia angoje, nitafute hata jiwe nje. Lakini Élysée ni mtu wa mzaha. Aliegemea ukuta, akajinyoosha, akazungusha mnyororo kwenye kiganja na kutia ndoano.

“Tazama, Mama Glodie,” akasema. “Mi njo kitabu sasa.”

Vifuniko vikanyamaza.

Vyote... kwa pamoja.

Kisha vikaanguka. Kimoja, kingine, kingine, vyote ndani ya maji, na ndala, na vikopo, mpaka rafu nzima ikabaki minyororo mitupu inayoning'inia bila kutikisika.

“Toa mukono,” nikamwambia.

Alitoa. Ndoano ilifunguka bila shida, na hilo lilinitisha zaidi kuliko kama ingekwama. Hapo harufu ikabadilika. Haikuwa karatasi tena. Ilikuwa jasho la zamani, moshi wa kambi, kidonda kisichooshwa. Halafu nikasikia miguu ndani ya maji. Chwa... chwa... chwa... Miguu mingi, hatua moja. Mimi nilikuwa nimesimama. Élysée alikuwa amesimama. Chumbani hamkuwa na mwingine.

Tulitoka mbio na pusipusi yetu. Kwenye kilima nilitangulia, yeye akisukuma nyuma. Nilisimama anifikie. Akasimama. Nikaenda, akaja. Nikasimama tena, akasimama, umbali ule ule kati yetu, kana kwamba kuna kitu kilichotupimia.

“Karibia basi,” nikanong'ona.

“Siwezi,” akajibu. “Sisi tunatembeaka hivi.”

Sikumuuliza sisi ni akina nani.

Tangu jioni ile hakukaa tena kwenye kiti. Nyumbani alisimama, mgongo ukutani, mikono imeshuka, uso umetutazama. Alilala vile vile, macho wazi. Binti yetu Glodie, ambaye yuko kwenye mwaka wa mwisho wa sekondari, alimsogezea kiti, akamsihi, akalia, kisha akazoea. Vumbi lilimkaa baba yake mabegani. Nilimfuta kwa kitambaa kile kile nilichokuwa nafutia vitabu, na siku nilipogundua hivyo niliketi jikoni nikalia kwa sauti.

Kila jua liliposhuka alitoka. Aliteremka moja kwa moja mpaka ziwani, na majirani wakamtoa majini akiwa amezama mpaka kifuani. Hospitalini walimpima, wakasema damu ni nzuri. Nilimtafuta Padri Christophe, akamwombea kwa moyo wote, na Élysée alimtazama bila kumwona.

Nilirudi kwenye maktaba ya zamani peke yangu, na mfuko mwingine wa vikorokoro na kitabu kimoja chini ya kwapa. Nilitaka kuurudishia ule mnyororo kitu chake. Niliona ubao umelowa, na mashimo ya misumari. Nondo haikuwepo, wala minyororo. Padri aliniambia kuna waliokuja kuomba vyuma vile, na kwa sababu vingeozea majini tu, hakuona sababu ya kuwanyima. Hakuwauliza ni vya nini.

Rosine, dada yake Élysée, ndiye aliyesema tumpeleke kwenye chumba cha maombi, upande wa barabara ya Katanika. Kwetu ndivyo inavyokuwa: mgonjwa wa kichwa anayekimbia, hospitali ikishindwa, familia inampeleka kwa watu wa maombi, nao wanamfunga mpaka atulie. Huko kulikuwa na Pasta Ulrich, na watu walimsifu. Sikutaka. Lakini nilikuwa nimechoka kumtoa mume wangu majini kila jioni. Nikakubali.

Pasta Ulrich si mtu mbaya, hilo niliseme. Alitupokea kwa upole, akamshika Élysée bega na machozi yakamtoka. Aliniambia niondoe hofu, wanafunga kidogo tu, ili wagonjwa wasijitupe ziwani.

Akasukuma mlango.

Chumba kilikuwa kirefu. Kulikuwa na harufu ya mishumaa na ugali uliochacha. Wagonjwa walikuwa wamesimama kando ya ukuta, wanawake kwa wanaume, migongo ukutani, nyuso zote upande wetu. Hakuna aliyepiga kelele. Nyuma yao, usawa wa kiuno, ilipita nondo ndefu. Kwenye nondo, pete. Kwenye kila pete...

Nilizitambua zile pete. Nilikuwa nimezigusa jioni nyingi, nazijua kwa vidole.

Élysée alitabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu jioni ile. Alinipita, akaenda mwenyewe mpaka kwenye nafasi iliyokuwa wazi, akageuka, akaegemea ukuta na kunyoosha mkono, mhudumu akamfunga ndoano.

Nilimshika Pasta nguo. Nilimweleza yote, Bruda, misafara, Papa Barnabé, ndoano. Nilisema kwa haraka mno, na nilijua nasikika vibaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu taratibu, jinsi anavyowajibu wagonjwa wake.

“Mama, sikia. Mbele ya hii minyororo kufika, wagonjwa walikuwa wanakata kamba, wanapiga kelele usiku yote. Tangu imefika, hakuna anakimbia. Wanatulia. Njo uponyaji unaanza.”

Nilikwenda kwa mume wangu na kuanza kuifungua ndoano kwa nguvu. Vidole vyake baridi vikafunika vyangu. Macho yake, kwa mara moja tu, yalikuwa macho yake.

“Usinitoe, Mama Glodie,” akanong'ona. “Ukinitoa, utaweka nani?”

Kando yake mwanamke mmoja aligeuza shingo kunitazama. Na aliyefuata. Na aliyefuata. Wote walingoja jibu langu.

Nikaiachia ndoano.

Sasa nakwenda huko kila jioni baada ya masomo. Nampelekea chakula, namfuta vumbi, namsimulia habari za shule, kwamba ukumbi mpya umependeza, kwamba vitabu vimesimama kwenye rafu zake na migongo nje. Hajibu. Kabla ya kuondoka napitisha mkono kwenye minyororo, mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha kila mmoja umeshika mtu. Wahudumu wananiona mama wa huruma. Hawajui kwamba nikisikia kuna mgonjwa mpya analetwa kutoka Kabimba au Nyunzu, moyo wangu unatulia. Ndiyo hali niliyofikia, na siwezi kuomba msamaha kwa jambo ninalolitamani tena kila asubuhi.

Leo mnyororo wa mwisho ulikuwa mtupu.

Mama Christiane, aliyekuwa kwenye ule mnyororo, alifariki jana, familia yake imemchukua. Pasta alikuwa kwenye mazishi. Nilitoa Biblia yangu mkobani, nikaifunga mnyororo kwa ukingo wa jalada, nikatia ndoano vizuri, nikarudi nyuma hatua moja.

Ikaanguka.

Nikaiokota. Nikaitundika tena, mgongo ukutani, kurasa nje, jinsi vitabu vilivyokaa zamani.

Ikaanguka.

Hapo nikasikia shingo zikigeuka. Zote... taratibu. Élysée pia. Hawakuwa wananitazama mimi. Walitazama mlango.

Glodie alikuwa amesimama pale, sahani ya baba yake mikononi. Nilikuwa nimemkataza asije kamwe. Alisema nilichelewa, akaona aje kunisaidia. Aliuliza kwa nini baba anamtazama vile. Kisha, bila kujua, kwa uchovu tu wa kupanda kilima, akaegemea ukuta.

Mnyororo wa mwisho ukatikisika.

Nilimvuta mkono. Nilimnyang'anya sahani, nikamwambia atangulie nyumbani, apike, afunge mlango, mama anakuja. Alinibishia kidogo. Nikamwambia tena, kwa sauti ninayoitumia darasani, akaenda. Nilimsikiliza mpaka viatu vyake vikapotea barabarani.

Kisha nikaweka sahani chini, nikageuka na kuegemea mgongo ukutani, nipime tu kama mnyororo ule unanifikia.

Ulinifikia.