Anayegonga Ndani ya Pipa la Sabuni

Hivi wewe umewahi kusikia mtu akigonga kutoka ndani ya kitu ulichokisafisha mwenyewe, ukakifunga mwenyewe, na unajua fika hakina mtu?

Ngo. Ngo. Ngo.

Ilianza hivyo, mchana kweupe, saa ya chakula. Mashine zote za kiwanda cha sabuni zilikuwa zimezimwa. Sauti ilitoka kwenye pipa kubwa la kuchanganyia, lile lenye mapanga ya chuma tumboni. Mwendesha mashine akaacha kutafuna.

"Panya huyo," mpakiaji mmoja akatania. "Kala sabuni, sasa anaomba maji ya kusuuzia."

Hakuna aliyecheka. Mjane mmoja wa chumba cha kupakia alikuwa ameshasimama.

"Ni Mwembamba," alisema. "Ni mume wangu."

Mwembamba ndiye aliyekuwa akiingia ndani ya pipa kukwangua sabuni iliyoganda. Kwa kuwa kelele za kiwandani haziruhusu maneno, wafanyakazi walikuwa na lugha yao: aliye ndani anagonga chuma mara tatu, maana yake nimo, usiwashe. Mkewe, huko chumba cha kupakia nyuma ya ukuta, alikuwa akizisikia ngo hizo tatu na kutabasamu peke yake.

Kisha akaja msimamizi mpya, na tai yake, na Kiingereza chake cha kuazima. "Kugongagonga ni ushamba," alisema. "We need systems." Akafunga taa nyekundu: anayeingia awashe taa, na mwendesha mashine atazame taa tu, kelele asizisikilize. Tuseme haki, taa si wazo baya. Lakini tangazo alilitoa wapi huyu msomi? Kwenye grupu la simu janja. *Dear team, kindly note, with immediate effect.* Mwembamba alikuwa na kisimu cha tochi. Hakuna aliyemshika mkono akamwonyesha swichi. Akaingia kama siku zote, akagonga kama siku zote. Taa haikuwaka. Pipa likawashwa.

Uongozi ukatoa kauli: human error. Yaani marehemu kajiua kwa uzembe wake. Mjane alipanda ngazi hadi ofisi ya vioo akaomba jambo moja tu: waseme aligonga. Msimamizi akamwambia, "Pole sana, mama, tushalifunga hilo."

Lilifungwa wapi? Tangu mchana ule wa saa ya chakula, kila mashine zilipozimwa, kugonga kulianza upya. Harufu ya limau ya sabuni ikageuka kuwa ya nguo mbichi na kutu, na kutu ile ikawa na utamu mzito ambao kila mtu aliutambua na hakuna aliyeutaja. Sauti ikatoka kwenye pipa ikaingia kwenye mabomba, ikapita chini ya meza za kupakia mpaka vikombe vya chai vikatetemeka, ikapanda ukutani polepole kama mtu anayepapasa gizani akitafuta mlango, na palipokuwa na mkono wa mfanyakazi ilisimama chini ya kiganja chake, ikangoja, ikagonga mara tatu.

Watu wakagoma. Na yule yule aliyeona kugonga ni ushamba akamleta mganga, tena kwa gari la ofisi!

Mganga hakuchoma chochote. Aliweka sikio kwenye chuma, akakaa hivyo mpaka jasho likamtoka.

"Nimetoa majini mengi," akanong'ona. "Jini hudai. Huyu hadai kitu. Anauliza kama alisikika. Siku ile nani alisikia?"

Mwendesha mashine akapiga magoti.

"Nilisikia, shemeji." Alimgeukia mjane. "Nilizisikia zote tatu. Nikatazama taa, kama nilivyoamriwa. Nisamehe, shemeji, nilisikia."

Mjane alilaza shavu kwenye pipa, akalikumbatia kadiri mikono yake ilivyofika.

"Umesikika, baba watoto," alisema. "Umesikika. Nenda kapumzike."

Kugonga kukakoma. Ndipo alipolia, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakikumtoka, maana sauti ile ndiyo iliyokuwa imebaki ya mumewe duniani, naye alikuwa ameifukuza kwa mdomo wake mwenyewe.

Juu ngazini msimamizi akapiga makofi mawili. "Good. Kazi iendelee. Washa."

Mwendesha mashine hakuinuka. Kabla mwingine hajaisogelea swichi, vioo vya ofisi vikaanza kutetemeka, na kutoka chini ya viatu vya msimamizi, kwenye chuma cha ngazi aliyosimama, ikaja: ngo, ngo, ngo.

"Bado mmoja," mganga akasema, akirudi nyuma. "Bado mmoja hajasema."

Mjane akafuta macho kwa kanga, akamwinulia msimamizi uso.

"Shuka, bosi. Shuka uweke mkono hapa, useme kwa Kiswahili, kwa mdomo wako, mbele ya wafanyakazi wenzake wote: mume wangu aligonga, na mimi ndiye niliyeamuru asisikilizwe."